Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mwanafunzi wa Uuguzi, Sindano na Damu ya Mgonjwa Ukiwa Fildi

Haya maswali nimeyakusanya kwa miaka niliyosimamia wanafunzi wa uuguzi na ukunga wodini hapa Tanzania. Mengi hayaulizwi darasani, yanaulizwa koridoni kwa sauti ya chini, au saa tano usiku kwenye simu, "sista samahani, kuna mwenzangu kajichoma", na mara nyingi huyo mwenzake ni yeye mwenyewe. Kama umejichoma sasa hivi ndo unasoma hapa, nenda moja kwa moja swali la 12, haya mengine utarudi kuyasoma.

## Ya msingi

1. Magonjwa yenyewe tunayoyaogopa ni yapi?

Matatu ndo yana uzito: homa ya ini B, homa ya ini C na VVU. Kaswende na malaria nazo zinaweza kupita kwenye sindano, na zipo homa za virusi kama Marburg ambazo nimezitenga swali la 26.

Wanafunzi wengi kichwani wana VVU peke yake, nawaelewa, lakini tuangalie namba. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa kwa wastani ni kama 3 kati ya 1000. Damu ikikurukia machoni au mdomoni ni chini ya 1 kati ya 1000. Homa ya ini C, makadirio ya siku nyingi yalikuwa kama 2 kati ya 100 na ya karibuni yako chini ya hapo. Sasa homa ya ini B kwa mtu ambaye hajachanjwa ni kuanzia 6 mpaka 30 kati ya 100, inategemea mgonjwa ana virusi wengi kiasi gani. Halafu kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka, juu ya trei au meza, siku 7 kikiwa bado kinaambukiza. Kwa hiyo huyu ambaye hatumtaji ndo mkali kuliko wote, na ndo huyohuyo mwenye chanjo.

2. Mkojo, mate, jasho, matapishi, navyo ni hatari?

Kwa VVU na homa za ini, mkojo, kinyesi, mate, makohozi, jasho, machozi na matapishi havihesabiwi kuwa hatari mpaka vionekane vina damu. Vinavyohesabiwa ni damu yenyewe, majimaji ya ukeni, shahawa, maji ya chupa ya uzazi, maji ya uti wa mgongo, na yale yanayotolewa kifuani, tumboni au kwenye viungo.

Na ngozi nzima isiyo na mchubuko ni kinga nzuri. Damu ikikudondokea kwenye mkono mzima nawa, endelea na kazi. Ila kama una kidonda, ukurutu au umejikata jana ukikata vitunguu, funika na plasta isiyopitisha maji kabla hujaingia wodini.

3. Ni kweli mwanafunzi yuko hatarini kuliko muuguzi mzoefu?

Mzoefu anachoma sindano nyingi kwa siku kwa hiyo naye anakutana na hatari nyingi, lakini mwanafunzi ana mambo yake. Mkono bado haujazoea. Kila baada ya wiki chache anahamishwa wodi, leo sefti boksi (boksi la kutupia sindano zilizotumika) iko mlangoni, wiki ijayo wodi nyingine hajui ipo wapi. Ana prosija, yaani kazi za vitendo, za kujaza ili asainiwe, kwa hiyo anaogopa kukataa kazi. Na wakiwa wanafunzi kumi kwenye kitanda kimoja, kila mtu anataka kuona, viwiko vinagongana.

Kubwa zaidi ni aibu. Anajichoma, anaangalia kulia na kushoto kama kuna aliyeona, anavua glavu, ananyamaza. Nitalirudia hili swali la 13 maana mimi mwenyewe lilinipata.

## Chanjo ya homa ya ini B

4. Nilichanjwa nikiwa mtoto, nichanje tena?

Tanzania iliiingiza chanjo hii kwenye chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wenu mlio vyuoni sasa hivi mlichanjwa utotoni. Ukiwa na kadi ya kliniki inayoonyesha dozi zote tatu, hujaanza na sifuri. Tatizo ni kwamba kingamwili hushuka na miaka, ingawa kumbukumbu ya mwili mara nyingi inabaki, na kadi zenyewe nyingi zimeshapotea au ziko kwa bibi kijijini.

Mimi nashauri hivi: pima kwanza kama tayari una maambukizi, maana ukiwa nayo chanjo haitakusaidia na unahitaji matibabu. Kama huna, na huna kadi, chanja dozi zote kama mtu mpya, kuchanjwa mara ya pili hakuna madhara. Kama kadi unayo, dozi moja ya kuamsha kinga halafu kipimo cha kingamwili inatosha kukuonyesha umesimama wapi.

5. Ratiba ikoje, na nikikosa dozi naanza upya?

Ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Ukikosa huanzi upya hata kama umepitiliza miezi mingi, endelea ulipoishia. Naona wanafunzi wengi wanachoma mbili halafu likizo inaingia, ya tatu inasahaulika moja kwa moja, na ile ya tatu ndo inayokupa kinga ya kudumu.

Mwezi 1 mpaka 2 baada ya dozi ya mwisho, pima kingamwili, kipimo kinaitwa anti-HBs. Ukipata 10 au zaidi umekingwa. Watu wachache mwili haujibu, hao wanarudia dozi zote mara moja, na mwili usipojibu tena inabidi wajue hivyo na iandikwe, kwa sababu wakijichoma matibabu yao ni tofauti. Karatasi ya majibu ipige picha uiweke kwenye simu.

6. Fildi inaanza Jumatatu na hakuna aliyechanjwa darasa zima, tufanyeje?

Hili linaniumiza. Chuo kinakagua sare, kinakagua nywele, kinakagua ada, halafu kinampeleka mtoto wa watu leba bila dozi hata moja. Chanjo ilitakiwa iwe semesta ya kwanza ili ya tatu iwe imeingia kabla ya wodi.

Kwa sasa: chomeni ya kwanza wiki hiihii, hata dozi moja ina faida kwa sababu ukijichoma baadaye unaendelezwa kutoka hapo. Ipo ratiba ya haraka ya miezi 0, 1 na 2 halafu ya nne mwezi wa 12, muulizeni mtoa chanjo. Mwakilishi wa darasa aandike barua kwa mkuu wa idara, kwa heshima, aombe wanafunzi ambao hawajachanjwa waanzie wodi zenye sindano chache. Barua ina nguvu kuliko malalamiko ya bwenini.

## Ukiwa wodini

7. Kurudishia kifuniko kwenye sindano, si ndo inakuwa salama zaidi?

Hapana, na hapo ndo wengi tunachomwa. Mkono mmoja una sindano, mwingine una kifuniko kidogo kama kalamu, mgonjwa anakuita, unageuka, tayari. Sindano ikishatumika inaingia kwenye sefti boksi hapohapo na bomba lake, usiitenganishe kwa vidole, usiikunje, usiivunje.

Ikitokea hamna namna kabisa, weka kifuniko juu ya trei, ushike bomba kwa mkono mmoja, uchote kifuniko kwa ncha ya sindano, mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo wako. Nasema nyuma ya mgongo kwa sababu ukiuacha mbele utasaidia tu, mkono una tabia hiyo.

8. Ni wakati gani hasa wanafunzi wanajichoma?

Kwa niliyoyaona mimi, mara nyingi ni baada ya kazi kuliko wakati wa kazi. Umeweka kanula (mrija wa dripu mshipani) vizuri, umefurahi, ile sindano ya ndani umeiacha kwenye shuka, unafunga plasta, unaweka kiganja juu yake. Au umemaliza kuchoma unatembea na sindano mkononi kutafuta sefti boksi iko chumba cha nne huko. Au unasukuma sindano kwenye boksi iliyojaa na ya mwenzako inakurudi. Au unakusanya takataka za trei kwa mkono mmoja kama unakusanya vyombo vya chakula.

Kwa hiyo sefti boksi ije kitandani kabla hujafungua sindano, hiyo ndo hatua ya kwanza ya prosija, andika hivyo kwenye daftari lako. Ikifika robo tatu inafungwa, haisindiliwi. Aliyetumia sindano ndo anayeitupa, usimpe mwenzako, usimwachie mhudumu wa usafi. Mtoto anayepimwa malaria kidoleni ashikwe na mtu wa pili, mama yake peke yake hatoshi, mtoto akiuvuta mkono lanseti (kile kisindano cha kutobolea kidole) inaishia kwako. Mgonjwa aliyechanganyikiwa au mwenye degedege usimchome peke yako hata kama ni dawa ya haraka, ita mtu. Na viatu viwe vya kufunika, sandozi wodini hapana, sindano ikidondoka inatua na ncha.

9. Leba je? Huko damu iko kila mahali.

Leba ndo pale ambapo glavu peke yake haitoshi. Chupa ikipasuka mama akiwa anasukuma, maji yanaruka mpaka usoni, na anayekuwa ameinama pale kati ni mwanafunzi anayetaka kuona kichwa. Simama pembeni kidogo, vaa miwani ya kinga au ngao ya uso, aproni ya plastiki, buti. Kama miwani ni moja wodi nzima, anayezalisha ndo anavaa, wengine rudini nyuma hatua mbili.

Kitovu kabla ya kukata kikamue damu kuelekea upande wa mama kisha ubane, weka gozi juu ya mkasi unapokata, kinarusha damu sana kikikatwa kimejaa. Kushona msamba usitafute ncha ya sindano kwa kidole, tumia koleo, na usishone kama mwanga hautoshi, omba taa. Kutoa kondo la nyuma kwa mkono si kazi ya mwanafunzi, na anayeifanya anavaa glavu ndefu za kufika kwenye kiwiko.

Damu iliyomwagika sakafuni: funika na kitambaa, mwagia klorini asilimia 0.5, subiri kama dakika 10, ndo ufute. Jiki ya asilimia 3.5 unachanganya kipimo kimoja na maji vipimo sita.

10. Glavu zinazuia sindano? Na tukiambiwa tununue wenyewe?

Sindano inapita kwenye glavu bila shida. Ila ikipita, ile glavu inafuta sehemu ya damu iliyokuwa nje ya sindano, kwa hiyo kinachoingia kinapungua, na hilo si jambo dogo. Glavu mbili ni nzuri kwenye upasuaji na kushona. Pea moja mgonjwa mmoja, hazioshwi, hazipuliziwi spiriti zikaendelea, na unavyoshika simu nazo unajipaka.

Kununua wenyewe ni hali halisi sehemu nyingi, najua. Nunueni boksi kwa pamoja, nunueni za hospitali, zile nyembamba za plastiki za kuuzia chakula hazina kazi hapa. Na glavu ikikosekana kabisa kwenye jambo lenye damu ambalo si la kufa na kupona, hilo jambo linasubiri glavu.

11. Nimepewa kazi sijawahi kuifanya, nitakataaje bila kuonekana mjeuri?

Usiseme siwezi, omba usimamiwe. "Sista, hii bado sijaifanya nikiwa na msimamizi, naomba uje unisimamie," au "Braza, naomba nikuangalie hii moja, inayofuata nitafanya mimi." Wengi wakiombwa hivyo wanakuja. Wachache watakukaripia, na hapo mpigie mkufunzi wako, ndo kazi yake. Kukaripiwa kunapita jioni hiyohiyo.

## Imeshatokea

12. Nimejichoma sasa hivi, nifanye nini?

Acha unachofanya, mgonjwa mkabidhi kwa mtu mwingine. Vua glavu, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue kidole, usinyonye, usimwagie jiki wala spiriti, usikwangue, vyote hivyo vinaumiza nyama na havijathibitishwa kusaidia. Kama ni jicho, toa lenzi kama unavaa, suuza kwa maji safi au dripu ya chumvi dakika kama 10 mpaka 15 kope zikiwa wazi. Mdomoni, tema, sukutua mara kadhaa.

Halafu mwambie inchaji wa shifti, ili upelekwe kwenye PEP, dawa ya kuzuia VVU (swali la 14 na 15). Sasa hivi, kabla ya ripoti, kabla ya chai. Kumbuka saa iliyotokea, aina ya sindano, ilikuwa na damu au la, ilitoka kwenye mshipa au msuli, ilizama kiasi gani, na mgonjwa ni wa kitanda gani, ili iandikwe kwenye fomu au rejista ya matukio. Kisha upimwe VVU na homa za ini wewe mwenyewe siku hiyohiyo. Hicho kipimo cha mwanzo kinaonyesha ulikuwa salama kabla, bila hicho kesho hakuna anayeweza kuthibitisha ulipatia wapi.

13. Naogopa kusema, watanifukuza fildi au watasema mimi mzembe.

Nikiwa mwaka wa pili, wodi ya wanaume, nilirudishia kifuniko sindano niliyotoka kumtolea damu mgonjwa aliyekuwa hoi. Ikaingia kwenye kidole cha shahada. Nikanawa, nikaweka plasta, nikaenda kugawa dawa kama kawaida. Usiku sikulala. Nilimwambia mkufunzi kesho yake jioni, masaa kama thelathini yalikuwa yamepita, na alichoniuliza ni kitu kimoja tu: mbona hukuniambia jana. Majibu yangu yote yalikuja salama mpaka ya mwisho, lakini yale masaa thelathini niliyatupa bure kwa ajili ya aibu, na dawa ile ya kuzuia VVU kila saa inayopita inapungua nguvu.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu siku ya kwanza kabisa: ukijichoma hutagombezwa, utapelekwa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, kama milioni 3 kila mwaka wanakutana na tukio la damu kupitia ngozi. Wazoefu wamo humo, madaktari wamo. Kama inchaji ni mkali sana kwako, anza na mkufunzi au muuguzi yeyote unayemwamini, njia yoyote itakayokufikisha kwenye dawa leo ni njia nzuri.

14. PEP ni nini na nina masaa mangapi?

Ni dawa za kuzuia VVU visijishikize baada ya tukio. Mara nyingi ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir, siku 28 bila kuruka. Lengo ni kuanza ndani ya masaa mawili matatu, mwisho ni masaa 72. Usiyachukulie yale 72 kama ruhusa ya kusubiri.

Inafanya kazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kwa wahudumu wa Marekani, Ufaransa, Uingereza na Italia ulikuta waliotumia zidovudini peke yake hatari yao ilipungua kwa kama asilimia 81, na hiyo ni dawa moja ya zamani. Utafiti huohuo ulionyesha yanayoongeza hatari: jeraha lililozama, kifaa kilichoonekana na damu, sindano iliyotoka kwenye mshipa wa damu, na mgonjwa aliye hatua za mwisho za ugonjwa.

15. Ni usiku, CTC (kliniki ya VVU) imefungwa. Nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Hospitali nyingi zinaweka dozi za kuanzia leba, mapokezi ya dharura au kwa daktari wa zamu. Swali la "PEP usiku inapatikana wapi na nani ana ufunguo" liulizwe siku mnayotambulishwa wodini, liandikwe nyuma ya kitambulisho. Kama kituo hakina, pewa rufaa usiku huohuo kwenda kituo kingine. Dozi ya kwanza haisubiri majibu ya vipimo, ikija kuonekana haihitajiki inasimamishwa.

16. Naruhusiwa kumpima mgonjwa kimyakimya nijue?

Hapana. Mgonjwa anaelezwa kilichotokea, anashauriwa, anakubali, ndo anapimwa, na anayemwomba awe mtu mwingine, siyo wewe uliyechomwa na moyo unakwenda mbio. Wengi wakielezwa kwa ustaarabu wanakubali. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu, ya mgonjwa na ya kwako, kwa hiyo majibu yako hayatangazwi kwenye ripoti ya asubuhi wala kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Akikataa, au ameshafariki, daktari anaamua kwa kuangalia mazingira, na PEP yako inaendelea.

17. Mgonjwa kapimwa hana VVU, niache dawa?

Mara nyingi ndiyo, lakini aamue aliyekuandikia. Kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi ya wiki chache zilizopita, kwa hiyo mgonjwa mwenye dalili za maambukizi mapya anaangaliwa kwa umakini zaidi. Na mwulize pia homa ya ini B na C kwa mgonjwa huyo, watu wanasikia "hana VVU" wanaondoka wakishangilia wanasahau mengine.

18. Homa ya ini B na C nazo zina PEP?

B ndiyo. Kama umechanjwa na kingamwili ilishawahi kufika 10, hauhitaji kitu. Kama hujachanjwa, unaanza chanjo mara moja, na kama mgonjwa anayo unapewa pia sindano ya kingamwili zilizo tayari, ikiwezekana ndani ya masaa 24 na isizidi siku 7. Hiyo sindano ni adimu na ghali, sehemu nyingi hamna, ndo maana naimba chanjo kabla ya wodi.

C haina chanjo wala dawa ya kuzuia. Unapimwa na kufuatiliwa, na ukikutwa nayo zipo dawa za vidonge za wiki 8 mpaka 12 zinazoponya zaidi ya watu 95 kati ya 100.

## Zile siku 28 na baada yake

19. Dawa zinanisumbua, naweza kuacha?

Kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kupaa, ndoto za ajabu, hivyo hutokea na kwa wengi hupungua baada ya wiki ya kwanza. Meza na chakula, ukikosa usingizi hamishia asubuhi. Rudi ulipopewa kabla ya kuacha, watakusaidia. Kama unameza vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa za kupunguza asidi tumboni, sema, zinazuia dolutegravir kufyonzwa, PEP inamezwa masaa 2 kabla yake au 6 baada yake. Ngozi au macho kuwa ya njano, au vipele vyenye homa, nenda siku hiyohiyo.

20. Napima tena lini, na mwenzi wangu nimwambie?

Wiki ya 6 na mwezi wa 3, na vituo vingine vinaongeza mwezi wa 6 hasa kwa ajili ya homa za ini. Mpaka majibu ya mwisho tumia kondomu na usichangie damu, hata kama chuo kina siku ya kuchangia na kila mtu anakuangalia. Mwenzi wa ndoa ni vizuri ajue, maana kondomu ikianza ghafla bila maelezo inaleta ugomvi mwingine. Ukiona vigumu, mshauri wa CTC anaweza kukaa na nyie wawili.

21. Nani analipa?

PEP na vipimo vya VVU kwenye vituo vya serikali ni bure, usiruhusu mtu akuambie vinginevyo. Vipimo vya homa ya ini vinaweza kuwa vya kulipia. Fidia ndo penye pengo: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaendeshwa kwa michango ya waajiri kwa ajili ya waajiriwa wao, na mwanafunzi pale wodini hana mwajiri anayemchangia. Kwa hiyo mkataba kati ya chuo na hospitali useme wazi nani anabeba gharama mwanafunzi akichomwa. Ulizeni uongozi wa chuo kabla ya fildi, muombe kuonyeshwa hicho kipengele, mna haki ya kuuliza.

## Kesi za pembeni

22. Nimechomwa na sindano iliyokuwa kwenye mashuka, sijui ya nani.

Hatua ni zilezile za swali la 12. Sindano yenyewe haipelekwi maabara. Daktari ataangalia imetoka wodi gani na ilikuwa na damu mbichi au la. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, lakini wodini wagonjwa huwa ni wengi zaidi ya hapo, kwa hiyo kwa sindano ya wodini PEP mara nyingi inaanzishwa. Na aliyeiacha sindano kwenye shuka atafutwe ili afundishwe, maana inayofuata itamchoma dada wa kufua.

23. Nina mimba, au nanyonyesha.

Mimba haikuzuii kutumia PEP, dawa hizo ndizo wanazotumia wajawazito wenye VVU. Chanjo ya homa ya ini B nayo ni salama kwa mjamzito. Anayenyonyesha asiache mwenyewe, amwambie mtoa dawa wapange naye.

24. Mgonjwa yuko kwenye dawa na virusi havionekani, bado nahitaji PEP?

Hatari yake ni ndogo sana. Lakini ule uhakika wa "havionekani, havipiti" unahusu tendo la ndoa, kwenye sindano haujapimwa hivyo, kwa hiyo vituo vingi bado vinatoa. Anza dozi, mjadala wa kipimo cha virusi ufanyike ukiwa umeshameza.

25. Mwenyewe nina VVU, au nimekutwa na homa ya ini B, ndo mwisho wa uuguzi?

Hapana. Mwenye VVU aliye kwenye dawa anasoma, anafanya fildi na anasajiliwa kama wengine. Akijichoma hahitaji PEP ya VVU, ila homa za ini zinamhusu. Mwenye homa ya ini B apelekwe kliniki aangaliwe ini na wingi wa virusi, na kazi za kushona kwa kina azungumze na daktari wake.

Moja la hatari sana: mwenye homa ya ini B akipewa PEP, tenofovir na lamivudini zinapiga pia kirusi cha ini, na akiacha ghafla siku ya 28 ini linaweza kuwaka. Ndo maana kile kipimo cha siku ya kwanza hakirukwi.

26. Marburg na Ebola je?

Marburg imetokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa 2023. Mwanafunzi hapangiwi kumhudumia mgonjwa anayeshukiwa, si kushika, si kutoa damu, si kuosha maiti. Ukiwa mkoa wenye mlipuko na ukapokea mtu mwenye homa kali anayetoka damu, rudi nyuma, osha mikono, mwite inchaji. Yote niliyosema kuhusu jasho na matapishi swali la 2 hayahusu homa hizi, huku kila majimaji ni hatari.

27. Nilijichoma wiki iliyopita na sikumwambia mtu.

Masaa 72 yameshapita kwa hiyo PEP ya VVU haitaanzishwa, lakini bado kuna ya kufanya leo. Pima VVU na homa za ini leo, hicho kiwe kipimo chako cha mwanzo. Kama hujachanjwa homa ya ini B anza leo, na kama siku 7 hazijatimia ile sindano ya kingamwili inaweza kuulizwa. Mgonjwa akiwa bado wodini anaweza kuombwa apimwe, akiwa salama utapumua. Rudi wiki ya 6 na mwezi wa 3 kama swali la 20. Ukipata homa, koo kuuma, vipele na tezi kuvimba ndani ya wiki chache hizi, usiseme ni malaria tu, nenda ukapime na umwambie daktari ulijichoma. Kwenda peke yako kukikushinda, mpigie mkufunzi wako akusindikize.